Muumini anapoasili mtoto kutoka ng'ambo: kanisa lifanye nini, liache nini

Katika makanisa ya Waswahili huko Marekani, mtoto anayeasiliwa mara nyingi ana undugu na familia inayomchukua. Ni mtoto wa marehemu kaka aliyebaki Goma, au wa dada wa Kisumu, na bibi aliyekuwa akimlea sasa hana nguvu. Kanisa linajua la kufanya kwenye msiba na kwenye harusi. Kwenye uasili hubabaika: huchangisha mapema mno, kisha humshika mtoto mapema mno. Kanuni moja huongoza mengi: kanisa libebe nyumba, wazazi wambebe mtoto.

Kabla ya kuchangisha

Mchungaji au mzee mmoja wa kanisa akae na familia aulize kwanza habari za uraia. Kwa sheria ya Marekani, anayemleta mtoto kwa njia hii lazima awe raia. Kwa mke na mume, mmoja wao akiwa raia inatosha. Wenye green card tu, yaani kibali cha ukaaji wa kudumu, hawawezi kuanza. Asiye na ndoa awe ametimiza miaka 25. Mtoto naye, kwa kawaida, awe hajatimiza miaka 16 siku ombi lake linapowasilishwa, kwa hiyo mwenye miaka 15 na nusu hana miezi ya kupoteza.

Swali linalofuata ni la nchi. Kenya, Rwanda na Burundi zimo katika Mkataba wa Hague wa 1993 unaosimamia uasili wa watoto kutoka nchi moja hadi nyingine, na hapo ndipo watu hujikwaa. Shangazi anapanda ndege hadi Nairobi, anatafuta wakili, anapata amri ya mahakama, anarudi akidhani amemaliza. Kwa nchi za mkataba utaratibu ni mwingine: tathmini ya nyumba (uchunguzi wa familia na makazi yake), kisha fomu I-800A ya kuwaidhinisha wazazi, kisha I-800 ya mtoto mwenyewe ipate kibali cha awali, ndipo mahakama. Ukianza na mahakama unaweza kuiziba njia nzima, na undugu wa damu haukuondolei utaratibu huo. Kwa Tanzania na Uganda fomu ni I-600A na I-600, na mtoto lazima ahesabiwe yatima kwa maana ya sheria ya Marekani. Aliyebakiwa na mzazi mmoja anaweza kuhesabiwa, iwapo mzazi huyo hawezi kumtunza na amemwachia kwa maandishi yasiyotenguliwa.

Milango pia hufungwa ghafla. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kuondoka nchini Septemba 2013, na familia zilizokwisha kupewa watoto na mahakama zikakwama. Kenya ilisitisha uasili wa wageni 2014. Ethiopia iliupiga marufuku 2018. Pateni jibu la maandishi kuhusu hali ya sasa kabla kikapu hakijapita.

Kuna swali ambalo wengi huliruka: je, mtoto anaweza kubaki? Mkataba wenyewe unataka nafasi ya nyumbani itafutwe kwanza. Ikiwa ada ya shule na kodi ya nyumba ya bibi vinatosha, changieni hivyo. Yakobo 1:27 inawataja yatima na wajane kwa pumzi moja. Kumsaidia yatima kwa kumtenga na mama yake mjane ni kuukata mstari katikati.

Barua na bahasha

Mtathmini wa nyumba huomba barua za watu wanaoifahamu familia, na mchungaji huwa miongoni mwao. Ukurasa mmoja unatosha. Aandike amewajua kwa muda gani, amewaona vipi wakiwa na watoto, wakikasirika hufanya nini, na wakilemewa humwita nani. Sifa tupu za "wacha Mungu, waaminifu katika sadaka" hazimsaidii mtathmini hata kidogo. Suala la fimbo litaulizwa, kwa kuwa mashirika hudai wazazi wakubali kutomchapa mtoto. Wasaidieni kulijadili mapema badala ya kuwafundisha jibu zuri. Na mtu asishauriwe kuficha alivyowahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Kuficha kunaweza kusababisha ombi kukataliwa, pale ambapo kosa lenyewe la zamani pengine lingeelezeka.

Mchango uliotengwa kwa jina la familia moja haumpi mtoaji punguzo la kodi. Makanisa yanayofanya vizuri huanzisha mfuko wa uasili chini ya kamati, nayo kamati ndiyo inayoamua na kulipa: ankara ya shirika, tiketi, tafsiri ya hati, kila kitu na stakabadhi yake. Asipewe bahasha mkuu wa kituo cha watoto wala ndugu aliyetia sahihi ya ridhaa, hata kwa jina la shukrani. Kifungu cha 32 cha mkataba kinakataza faida isiyo halali, na afisa wa ubalozi akiiona bahasha hiyo atauliza kama mtoto amenunuliwa.

Wiki sita za mwanzo

Hapa ndipo desturi zetu nzuri zinapogongana na hitaji la mtoto. Kwetu mtoto ni wa wote: akiingia kanisani hupita mikono ishirini kabla ya somo la kwanza, na kila mama anamtia kitu mdomoni. Mtoto aliyepitia walezi wengi bado hajajua mzazi ni nani. Akimkumbatia kila mtu mkisema "jamani, ametuzoea upesi," huenda hamna cha kufurahia. Pengine anajaribu kila mkono kuona upi utabaki. Kwa hiyo, kwa wiki sita hivi au zaidi, wazazi peke yao wamlishe, wambebe, wambembeleze na kumlaza. Akimkimbilia mama mwingine kanisani, mama huyo apige magoti, amsalimu kwa jina, amgeuze taratibu: "Twende kwa mama."

Umoja wa akina mama una kazi tele nje ya mlango. Chakula mara tatu kwa juma, katika vyombo visivyohitaji kurudishwa, kiachwe kwenye kisanduku cha barafu barazani, na ujumbe mfupi badala ya kupiga hodi. Wali, maharage, mchicha, uji: vyakula anavyovijua, pilipili na viungo kidogo. Akificha mkate chini ya mto asikemewe, kwani pengine amewahi kulala njaa. Bakuli la ndizi liwekwe anapofikia, na tabia hupungua akishaona haliishi. Wengine wafue, wawapeleke shule watoto wa zamani wa nyumba ile, nao wasisahaulike, na wawape usafiri wa kliniki kwa vipimo vya minyoo, kifua kikuu na homa ya ini.

Jumapili ya kwanza iwe fupi: kiti cha nyuma karibu na mlango, mbali na spika. Asiitwe madhabahuni, asipigwe picha za kurushwa mitandaoni, na mtu asisimulie alivyookotwa au mama yake alivyofariki. Habari hizo ni mali yake, na miaka kumi baadaye atazikuta kwenye simu za wenzake. Mwalimu wa shule ya Jumapili ajue jambo moja tu, kwamba mzazi atakaa darasani hadi mtoto mwenyewe akubali aondoke. Somo la Musa kikapuni mtoni laweza kungoja.

Ubatizo usiharakishwe kabla ya kujua kama alibatizwa. Andikieni parokia ya kwao. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 877 inataka majina ya wazazi walioasili yaandikwe kitabuni, na ya wazazi wa kumzaa pia pale daftari la serikali linapofanya hivyo.

Karatasi za mwisho

Sherehe ikiisha, kanisa husahau, na familia nayo huchoka. Aliyeingia kwa viza ya IR-3 au IH-3, yaani uasili wake umekamilika ng'ambo, akiwa chini ya miaka 18 na akiishi na mzazi raia, huwa raia moja kwa moja. Wa IR-4 au IH-4 huingia kama mkazi tu, na uasili wake lazima ukamilishwe katika mahakama ya jimbo kabla hajatimiza miaka 18. Baada ya hapo wazazi huomba cheti cha uraia kwa fomu N-600. Katibu wa kanisa aandike tarehe ambayo mtoto atatimiza miaka 18 kwenye kalenda ya ofisi na awaulize wazazi kila baada ya miezi mitatu, mpaka nakala ya hukumu iwe mkononi mwao.