Namna ya kulielewa neno "run" usije ukamkwamisha mgeni

Kazi yangu ni kuongoza wageni hapa Bagamoyo, kuanzia Mji Mkongwe mpaka magofu ya Kaole. Siku moja tukiwa Kaole, bibi mmoja wa Kiingereza aliniambia kwa upole: "I've run out of my tablets." Nikasikia run, nikasikia out, nikaelewa ametoka mbio akasahau vidonge hotelini. Nikamtuma kijana wa bodaboda akavifuate. Akafika, akatafuta na mhudumu chumba kizima, wapi! Kumbe bibi wa watu alikuwa anasema vidonge vimemwishia, anataka duka la dawa. Saa nzima ikapotea, na zilikuwa dawa za presha. Tangu hapo, kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu namwanzisha na neno hili.

Kwanza, futa ule mstari wa daftarini unaosema run ni kukimbia. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamekihesabia kitenzi hiki maana 645, nani atazikariri? Fikiria piga yetu. Tunapiga pasi, deki, picha, mswaki, chafya na kura, wala hakuna aliyeumia. Hatukupewa orodha utotoni, tulisikia piga pamoja na neno linaloandamana nalo. Run nayo ishike hivyo hivyo.

Kwa hiyo jiulize nini kina-run. Mwenye miguu anakimbia. Injini inawaka. Bomba linatoka maji, pua inatoka makamasi, basi la Dar linafanya safari zake.

Kwenye kanga tuliza akili. Mgeni anainyanyua dukani, anaisugua kwa kidole gumba pale kwenye pindo, anauliza: "Will it run?" Anataka kujua kama inachuja. Ukimwambia haichuji, na wewe unaijua ile nyekundu, ataifua pamoja na shati lake jeupe, na atakayelaumiwa ni Bagamoyo nzima. Mwambie kweli: mara ya kwanza aifue peke yake.

Halafu tazama kinachofuata. Mtu akisema mwanawe runs a hotel, anaiendesha. Akisema runs for parliament, anagombea ubunge.

Vineno vidogo vya mkiani ndivyo vinavyogeuza mambo. Run out of ni kuishiwa, na ndipo nilipokwama. Run into a friend ni kukutana na rafiki bila kutarajia, lakini gari liki-run into ukuta, limeugonga. Run over ni kukanyaga kwa gari, kwa hiyo ukilisikia barabarani shtuka upesi. Wakikwambia they're running late, wamechelewa. Usihimize mwendo juani, punguza sehemu moja ya ziara.

Ukibaki na shaka, mrudishie mgeni sentensi yake kwa maneno mengine. Mimi ningeuliza tu "You have no more tablets?" angeitikia, tukaenda dukani. Usione haya kuuliza, mgeni hachukii.

Jioni andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, na mahali uliposikia, maana neno tupu halitakukumbusha kitu. Daftari langu linaanza na sentensi ya yule bibi, na pembeni nimeandika: Kaole, vidonge vimekwisha.