Mmeachana baada ya miaka mingi? Mali Tanzania zinagawanywa hivi

Kwanza usikimbilie mahakamani, utarudishwa tu, anzia baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la dini yenu, likishindwa linawapa hati ndo unafungua kesi, mahakama ya mwanzo inatosha.

Kinachogawanywa ni mlichochuma pamoja ndani ya ndoa, kifungu cha 114 Sheria ya Ndoa ya 1971. Nyumba aliyokuja nayo mwenzio ni yake, ila kama mliiendeleza wote, mfano mkaongeza vyumba, na we una chako humo.

Wamama wa nyumbani msidanganywe eti hamkuchangia kitu, kesi ya Bi Hawa Mohamed 1983 Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani na kulea ni mchango (ingawa yeye mwenyewe hakuambulia, ilionekana hela aliyopewa na mume kaitapanya). Ila sio lazima nusu kwa nusu jamani, hakimu anapima nani kachangia nini, kwahiyo kusanya risiti, mikataba ya viwanja, mashahidi, hata fundi aliyejenga. Madeni ya familia nayo yanaangaliwa.

Ukihisi anataka kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya, weka zuio ofisi ya ardhi fasta.