Mwani wa seli moja na popo wa gramu mbili: namna ya kuwalinganisha

Valonia ventricosa ni mwani wa seli moja tu, lakini huhitaji darubini kuuona. Ni gololi ya kijani iliyong'ang'ania mwamba, yenye mng'ao wa kioo ikiwa majini. Ulinganishe na Craseonycteris thonglongyai, popo mdogo wa mapango ya chokaa ya Thailand na Myanmar, aliyepewa jina hilo mwaka 1974. Kichwa na kiwiliwili chake vina milimita 29 hadi 33, uzito karibu gramu 2. Tumia vipimo hivyo vilivyokwisha kuchapishwa. Usimfuate pangoni, maana kundi likisumbuliwa huhama.

Mwani nao upimie pale pale ulipoota. Ukiung'oa kwa nguvu huweza kupasuka, na kwa kuwa ni seli moja, maji yake yote humwagika mara moja. Hapo huna tena cha kupima. Ukikuta vipovu vingi vimesongamana na kushikana, acha: huenda ni Valonia aegagropila, yenye seli nyingi.

Chukua kalipa ya plastiki, yaani kifaa chenye taya mbili cha kupimia upana. Taya zake ziguse tu, zisibane. Pima upana mara mbili, mara ya pili ukigeuza kalipa nyuzi 90, kwa sababu gololi nyingi zina umbo la yai, kisha tafuta wastani. Hicho ndicho kipenyo, kwa sentimita.

Sasa zidisha: kipenyo × kipenyo × kipenyo × 0.524. Unapata ujazo. Zidisha tena kwa 1.025, uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji ya bahari, upate gramu. Gololi ya sentimita 1.55 inatoa gramu 2.0: popo mmoja kamili. Ya sentimita 2 inatoa 4.3, na ya sentimita 3 inafika 14.5, yaani popo saba!

Kosa linaloharibu hesabu nyingi ni kuweka nusukipenyo mahali pa kipenyo. Jibu linapungua mara nane. La pili ni kulinganisha kipenyo cha mwani na upana wa mabawa ya popo. Linganisha na kiwiliwili.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya gololi ni maji ya ndani. Saitoplazimu, yaani ute hai wa seli, wenye viini vingi, ni utando mwembamba chini ya ukuta wa seli. Kwenye jedwali lako andika "uzito pamoja na maji ya ndani".