Namna ya Kupokea Kiti cha Enzi katika Makumbusho
Ukipokea kiti cha enzi, yaani kiti cha heshima cha mbao cha Waswahili, kutoka kwa familia ya Mji wa Kale, Mombasa, kibebe kwa kushika fremu iliyo chini ya kikalio, kamwe si kwa kushika mikono ya kiti, maana viungo vya mbao kuukuu hulegea. Njumu za pembe, yaani vipande vya pembe vilivyopachikwa katika mbao kuwa pambo, ndizo zinazotaka subira zaidi: mbao huvimba kwa unyevu na kusinyaa kwa ukavu, nazo njumu hubanduka; basi kila kipande kilichoanguka kitie katika bahasha yenye namba ya kiti hicho. Usipake vanishi. Kifunike kwa merikani iliyofuliwa, kitambaa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Marekani, walikileta pwani yetu katika karne ya 19, wala si kwa plastiki, ambayo hufungia unyevu ndani. Halafu muulize mwenyewe kwa heshima ni nani waliokikalia, na uandike maneno yake kama alivyoyatamka.