Taa ya kambini: izamishe kwenye ndoo kabla hujamkabidhi mtu

Hapa Mwanza tuna mahali panaitwa Makoroboi. Jina limetokana na mafundi waliokuwa wakikata makopo na kuyageuza koroboi. Mimi ni fundi simu, niko Kirumba, na ninachofanya na kina mama wa kambi ya dagaa kule Igombe ni kazi ileile, ila kopo langu ni la plastiki, la siagi ya karanga, na ndani hamna mafuta ya taa, kuna betri.

Mama yangu anaanika dagaa. Mitumbwi hurudi kabla hakujapambazuka, biashara inaanzia gizani, na tochi ya simu inataka mkono mmoja ambao yeye hana. Mpaka sasa tumeunda taa kumi na mbili. Nitaeleza hizi za mwisho, maana ya kwanza ilikuwa aibu.

Anza na seli. Betri ya laptopu ikifa, mara nyingi zimekufa seli moja au mbili tu. Nazungumzia zile za mviringo, upana milimita 18 na urefu 65, ndiyo maana zinaitwa 18650. Pasua ganda taratibu, usichomeke bisibisi ndani. Pima kila seli kwa mita: iliyo chini ya volti 2 weka kando, usijaribu kuifufua. Zilizobaki zichaji hadi 4.2, andika tarehe kwa makapeni, kisha zisahau wiki nzima. Ikishuka chini ya 4.0, au ikipata joto wakati wa kuchaji, haiingii kwenye taa yangu. Mama mmoja wa kikundi alinilaumu kwamba natupa betri nzima. Nikamjibu, "Mayu, hii italala karibu na mjukuu wako." Akanyamaza, ila najua hakuridhika.

Sasa tufike pale watu wanapounguzia vidole. Mwili wote wa seli ni hasi. Chanya ni kile kichwa kidogo tu, na kinachovitenganisha ni plastiki nyembamba kama ganda la kitunguu. Tone la risasi ya kulehemu likidondokea ukingoni mwa kichwa, tayari umegusanisha chanya na hasi, na seli itachemka mkononi mwako. Kata kiduara cha karatasi ngumu chenye tundu katikati, ukibandike pale juu kabla ya kushika pasi ya kulehemu. Na usilehemu kwenye seli yenyewe, joto linaiharibu. Unapozitenganisha, acha vile vipande vya bati vilivyochomelewa kiwandani, halafu lehemu waya juu yake. Sekunde mbili tatu, toa pasi.

Bodi ya chaji ni TP4056. Chukua ile yenye sehemu sita za kuunga waya, si nne. Hiyo ndiyo yenye ulinzi, unaokata umeme seli ikishuka mno. Seli inaungwa B+ na B-, taa inaungwa OUT+ na OUT-. Wapo mafundi wanaounga taa palepale kwenye B. Inawaka vizuri tu, ila ulinzi umerukwa, na seli itanyonywa mpaka ife.

Natumia LED mbili za wati moja, za mwanga mweupe wenye unjano, kila moja na rezista yake (kizuizi cha kupunguza umeme) ya omu 8.2, nusu wati. Hesabu yake ni hii: seli ikijaa ina 4.2, LED inachukua karibu 3, inabaki 1.2. Gawanya kwa 8.2, unapata karibu ampia 0.15. LED hizo zinaweza kubeba 0.35, lakini sitaki. Zikiwa hivi hazipati moto, nazibandika kwenye kipande cha bati na imetosha. Seli ikiteremka hadi 3.7, zote mbili zinakula kama ampia 0.2, kwa hiyo seli yenye miliampia-saa 2000 (mAh) inakupa karibu saa kumi. Kwenye ile taa ya aibu nilibana matumizi nikaweka rezista moja kwa LED zote mbili. Moja ikang'aa, nyingine ikasinzia.

Kopo lipindue: kifuniko kiwe chini, ndicho kitako. Seli, bodi na swichi vyote vikae kwenye kifuniko, uzito uwe chini taa isipinduke. Ukuta wa kopo usugue kwa msasa kwa ndani, mwanga usichome macho. Tundu la chaji lizibe kwa ulimi wa tyubu ya baiskeli. Kishikio ni waya tu.

Kabla ya kufunga umeme, weka tishu kavu ndani, kaza kifuniko, zamisha kopo kwenye ndoo nusu saa. Tishu ikilowa, tafuta maji yalipopita, paka silikoni, rudia. Kisha funga kila kitu, liangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya jiwe. Mawe Mwanza hayatafutwi. Halafu iwashe saa moja jioni, pima volti kila saa, andika daftarini. Ikiwa mezani, taa haitakwambia zaidi ya hapo.

Yaliyobaki tulifundishwa na kambi. Mama alikuwa anashindwa kuwasha kwa vidole vyenye magamba na maji, nikabadilisha swichi ya kubonyeza, nikaweka ya kusukuma yenye mdomo mkubwa. LED nyeupe zenye ubuluu ziliita wale wadudu wanaosimama juu ya ziwa kama moshi, mpaka kopo likawa jeusi. Za njano zinawaita wachache. Na kipimo cha mwanga walikiweka wao: mtu akae hatua mbili kutoka kwenye taa, atofautishe noti ya elfu mbili na ya elfu kumi bila kuisogeza usoni.

Kila taa ina namba kwa rangi ya kucha, na daftari linaonyesha nani anayo. Namba 4 bado inaingiza maji, nadhani ni uzi wa kukazia kifuniko. Jumamosi naifungua tena.