Kabla ya kugusa ukuta wa nyumba kongwe Mji wa Kale

Ukuta wa nyumba ya zamani pale Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, hauna nondo hata moja. Ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu, mnene karibu nusu mita, umesimama kwa uzito wake wenyewe. Ndiyo maana nakuomba, kabla fundi hajaja na mifuko ya saruji, uuchunguze kwanza.

Anza na ufa. Gandisha kipande chembamba cha kioo kikatize ufa, andika tarehe pembeni. Kikivunjika baada ya wiki kadhaa, ukuta bado unatembea, na kuziba ni kazi bure. Ufa unaoshuka kama ngazi kwenye viungio vya mawe mara nyingi ni msingi uliotitia. Ukuta uliotoa tumbo ni hatari zaidi: teremsha timazi, na ukiona umeachana na uzi, mwite mhandisi kabla ya kung'oa hata jiwe moja.

Kisha fuata maji: paa, mfereji, paipu ya bafu la juu. Bila kuyazuia, ukarabati wote utaoza. Hapa ndipo saruji inapotuponza. Ni ngumu kuliko jiwe la matumbawe na haipumui, kwa hiyo unyevu hunaswa nyuma ya plasta, na chumvi ya bahari ikikauka humo huvimba na kulipua jiwe. Kwa shangazi yangu niliikwaruza plasta ya namna hiyo kwa kucha. Ilibanduka kama ganda la muhogo, na nyuma yake jiwe lilikuwa unga mtupu. Tumia chokaa. Iloweke wiki kadhaa kabla ya kazi, na ikishapakwa ifunike magunia mabichi isikaushwe na jua.

Dunga ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye keki, boriti imeliwa. Tegemeza dari kwa mirunda yenye mbao chini, ndipo mawe yatolewe machache machache. Januari na Februari zinafaa, masika bado.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, hivyo ruhusa ya Makumbusho ya Taifa na kibali cha kaunti vitangulie. Na mbishie hodi jirani: huenda boriti zake zimelala juu ya ukuta huo huo.