Kupima oksijeni inayoyeyuka katika maji ya chumvi

Chumvi hupunguza oksijeni inayoweza kuyeyuka majini. Usitegemee elektrodi (kipima oksijeni cha umeme) peke yake: huhisi msukumo wa oksijeni, si kiasi chake. Usipoiwekea kiwango cha chumvi, itatoa namba ileile kwa maji yoyote yaliyoshiba hewa. Titresheni ya Winkler, yaani kudondosha kemikali ya kiwango kinachojulikana hadi rangi ibadilike, huhesabu oksijeni yenyewe.

1. Miyeyusho. Tengeneza ya mola 0, 0.5, 1, 1.5 na 2 za NaCl kwa lita. Mola 1 ni gramu 58.44, iyeyushe kwanza, kisha jaza maji yaliyokenekwa hadi alama ya chupa ya ujazo.

Tumia chumvi ya maabara. Ya mezani huwa na iodeti, ambayo ikikutana na iodaidi ndani ya asidi hutoa iodini inayohesabiwa kama oksijeni. Chumvi yenye mg 40 za iodini kwa kilo huongeza karibu 0.9 mg/L kwenye myeyusho wa mola 1. Grafu nzima imeharibika hapo.

2. Kushibisha. Kwenye beseni la nyuzi 25.0, pitisha hewa ya pampu ya tangi la samaki kwa saa moja, ipite kwanza kwenye chupa ya maji ili isikaushe sampuli. Zima, subiri dakika 15: viputo vya maji ya chumvi ni vidogo na hukawia kupanda. Anza sampuli moja ikiwa baridi, nyingine ikiwa vuguvugu. Zikikutana kwenye namba moja, zimeshiba kweli.

3. Titresheni. Jaza chupa ya mL 300 kwa mpira unaofika chini, maji yafurike. Chini ya uso tia mL 1 ya manganisi salfeti na mL 1 ya alkali yenye iodaidi na azaidi (ni sumu, vaa glavu na miwani). Funga, pinduapindua. Mashapo ya kahawia yakitua, tia mL 1 ya asidi kali ya salfuriki. Titreti mL 201 kwa thiosalfeti ya 0.025 M (mola kwa lita), wanga utiwe rangi ikishakuwa njano hafifu. Kila mL iliyotumika ni 1 mg/L.

4. Shinikizo. Zidisha jibu kwa (101.3 − 3.17)/(P − 3.17): P ni shinikizo la hewa ulipo kwa kPa, 101.3 ni la usawa wa bahari, na 3.17 ni la mvuke wa maji kwa nyuzi 25. Nairobi, penye takriban kPa 84, maji yasiyo na chumvi hutoa kama 6.8 mg/L kabla ya kuzidisha, si 8.26. Soma barometa ya hapo ulipo. Programu za hali ya hewa kwa kawaida hutoa shinikizo la usawa wa bahari.

5. Modeli. Tumia mlinganyo wa Sechenov wa 1889:

log₁₀(S₀/S) = k·C

S₀ ni oksijeni ya maji yasiyo na chumvi, S ni ya myeyusho, C ni mola za chumvi kwa lita. Chora log₁₀(S₀/S) dhidi ya C: mteremko wa mstari ni k, karibu 0.14 L/mol kwa NaCl, hivyo mola 1 hubakiza takriban 6.0 mg/L na mola 2 takriban 4.3. Mstari usipopita sifuri, rudia S₀ kwanza.

Kila chumvi ina k yake. Salfaiti haipimiki hivi kabisa: hula iodini, na oksijeni itaonekana pungufu.